Anayechora Kuanzia Chini

Saa nne asubuhi, Florinda Otzoy amekaa jikoni kwao katika mji wa Comalapa, kompyuta magotini, na mama yake anamgombeza.

"Umeruka jicho la ndege."

"Sijaruka, mama. Hilo hapo, jeusi."

"Basi likuze! Unanionyesha punje ya ufuta halafu unasema nione?"

Florinda analikuza. Bi Tránsito Perén anasogeza uso hadi pua inakaribia kugusa kioo, anaguna, anaridhika. Chapati ya mahindi inaungua mekoni na hakuna anayeijali.

Florinda, mwenye miaka thelathini na minne, ni mwandishi wa programu. Riziki yake inatoka kwa maduka ya Chimaltenango anayoyatunzia tovuti. Lakini kazi aliyoipa moyo wake ni Tzikin, yaani ndege kwa Kikaqchikel, lugha ya kwao: maktaba ndogo ya msimbo, maagizo ya kompyuta yaliyoandikwa tayari, ambayo yeyote anaweza kuichukua bure na kuitumia kutengeneza ubao wa kuchorea picha za miraba midogo ndani ya kivinjari. Ni nyepesi mno, hata simu kuukuu yenye mtandao wa kusuasua inaifungua.

Watengeneza michezo wa nchi ambazo hajawahi kuzikanyaga wanaitumia. Mwaka jana walimchangia ketzali mia sita, fedha ya nchi yake. Zote akamnunulia mama yake nyuzi.

Nyuzi hizo bado ziko kapuni. Bi Tránsito ana presha ya macho, na daktari hakumficha: nuru iliyopotea hairudi, dawa inachelewesha tu hiyo iliyobaki.

Naye ndiye pekee aliyebaki anayeijua nakshi ya ukoo wao inayofumwa kifuani mwa blauzi, ndege wawili wanaogombea mbegu moja. Blauzi ya bibi yake Florinda ilikwenda naye kaburini, kama desturi ilivyo. Ile aliyoifuma Bi Tránsito mwenyewe iliuzwa mwaka wa njaa. Nakshi imebaki mikononi mwake tu.

"Nilidhani kuihifadhi ndani ya Tzikin ni kazi ya jioni moja," anasema Florinda. "Nikamfungulia ubao, nikamwambia, haya mama, chora. Akaduwaa."

Tzikin ilihesabu safu kuanzia juu. Bi Tránsito amefuma maisha yake yote kwa kitanda cha mfumi, fremu ya vijiti inayofungwa kiunoni. Kwake nguo huanzia tumboni na kupanda kuelekea shingoni.

"Nani anafuma kuanzia shingoni?" mama anadakia. "Mikono hii ukiiuliza safu ya kwanza, itakupa ya pili. Ukiiuliza ya mwisho, inakuwa kama ya mgeni!"

Kugeuza ubao kulimchukua Florinda wiki tatu, maana ile "juu" ilikuwa imejificha kila kona ya msimbo. Sasa safu huota kutoka chini, na zilizokamilika hujiviringisha kando kama nguo kwenye kitanda.

Maktaba ikaongezeka uzito kidogo, na sifa yake yote ni wepesi. Mtumiaji mmoja wa Montevideo akaja juu hadharani: huu mzigo wa nini? Nani anachora kuanzia chini?

Florinda alimjibu kwa maneno mawili: "Mama yangu."

Siku mbili baadaye yule bwana alituma msimbo mfupi zaidi, unaofanya kazi ileile. Chini yake aliandika: "Mpe mama salamu." Florinda anakiri kwamba alilia.

Leo wamefika mabawani. Macho yakichoka, Bi Tránsito huyafumba kabisa, vidole vikacheza hewani juu ya mapaja, naye akawa anataja: nyekundu mbili, ruka moja, kijani. Binti anajaza miraba. Zimebaki safu chache kufika shingoni.

Florinda anatamani wafumaji wote wa mji waje waingize nakshi zao. Mama yake ana mpango mwingine.

"Tukimaliza, zile nyuzi utazifuma wewe."

"Mama, mimi sijui kufuma! Ulinifukuza kitandani nikiwa na miaka tisa."

"Ulikuwa unavuta uzi kama unafunga mbuzi. Utajua. Unaanzia chini."

Florinda anacheka. Mama hacheki. Anapapasa hadi anaupata mkono wa bintiye kwenye vitufe.

"Na blauzi hiyo usije ukanizika nayo," anasema. "Hiyo uivae."