Fundi viatu aliyeifunika kalibu yake kwa shuka

Saa mbili asubuhi. Safu ya mafundi imeshachangamka, nyundo zinaitikiana, lakini fundi viatu anayeitwa Kisigino ametundika shuka la maua mbele ya meza yake, utadhani chumba cha bibi harusi.

"Kisigino, unafuga nini humo?" anauliza Mama Mikoba, jirani anayeshona mabegi.

"Mawazo, dada."

"Basi yalishe. Yanakukondesha."

Watu wanacheka, ila si kicheko kitamu. Kwenye safu hii kifaa cha mmoja ni cha wote: unanyoosha mkono, unachukua, ukimaliza unarudisha. Kuficha kifaa ni kama kumwita jirani mwizi.

Kinachofichwa ni kalibu, ule mguu wa mbao unaovalishwa kiatu ili kikae sawa wakati wa kushonwa. Ya Kisigino ina vipande vitatu na skrubu katikati. Ukiizungusha, mguu wa mtoto unakuwa wa baba yake. Hiyo moja inafanya kazi ya gunia zima la kalibu.

"Si uchoyo," ananinong'oneza mimi, mwandishi aliyeniruhusu nyuma ya shuka. "Nimeshaungua."

Zamani alibuni sindano ya kushonea soli nene. Akaiazimisha safu nzima, akamwonyesha kila mteja aliyeuliza. Haukupita muda, mfanyabiashara mmoja akawa anaziuza kwa maboksi. Ya Kisigino ilipovunjika, akaenda dukani.

"Nikanunua sindano yangu mwenyewe. Nikaomba punguzo, nikanyimwa."

Anacheka, halafu anainama na kugonga msumari ambao umeshazama.

Hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitengeneze alichobuni, aliijua kwa jina tu. Wakili alimtajia gharama ya kumaliza mapato yake ya mwaka. Akaona bora aipeleke kalibu kwenye maonyesho ya mafundi Jumamosi hii, huenda akapata mfadhili.

Mkewe akamwambia aulize kwanza ofisi ya hataza. Ofisa wa pale hakumzungusha.

"Baba, ukiionyesha hadharani kabla ya kuleta ombi, haki yenyewe inaweza kukuponyoka. Leta ombi la awali, maelezo na michoro. Unapata tarehe yako, halafu una mwaka wa kukamilisha."

Ada ya ombi hilo haifiki hata mapato ya Kisigino ya wiki mbili.

Leo ndiyo siku ya kuwasilisha. Anaondoka na michoro kwapani. Mchana anarudi, ombi limepokelewa, na kabla hajaketi anamwekea Mama Mikoba kalibu mapajani.

Mama Mikoba anazungusha skrubu. Anairudisha nyuma. Anaizungusha tena.

"Hiki ndicho ulichoninunia?"

"Sikukuogopa wewe, dada. Niliogopa mdomo wangu."

"Huo kweli ni wa kuogopwa."

Kazi haijaisha. Ombi la awali si hataza, na mwaka ukipita bila kukamilisha, tarehe yake inapotea. Jumamosi, kwenye maonyesho, Kisigino atatafuta oda za kalibu, wenzake wa safu wachonge naye, na faida ilipie ada iliyobaki.

Namuuliza, je, ombi kamili likikataliwa?

"Nitaumia," anasema. "Lakini nitakuwa nimecheza, nimefungwa. Kwenye ile sindano hata uwanjani sikuingia."