Kitovu cha Keki

Enzi zetu keki haikununuliwa, ilikatwa. Wenzangu mliokulia kijijini kwetu Maretadu mnajua ninachosema. Mama alifundishwa na mke wa mwenye duka mmoja wa Dongobesh kwamba mtoto akitimiza miaka unampikia keki yenye umbo la namba yake, na wala huhitaji oveni. Unga wa ngano ulitoka Hanang, mayai kwa kuku wetu, siagi tuliitikisa wenyewe kwenye kibuyu. Cha kununua kilikuwa sukari na beking pauda, basi. Sufuria iliwekwa juu ya makaa machache, makaa mengi yakapangwa juu ya mfuniko, na ole wako ufunue kuchungulia.

Keki ikipoa, mama aliikata kwa uzi. Hapo tulikaa mkao wa kula, maana vilivyokatwa vilikuwa vyetu. Kila namba tuliijua kwa mabaki yake. Moja ilikuwa hasara tupu, vipande vyote viliungwa kuwa mstari, hakuna cha kupunguza. Nne ilikuwa neema. Mdogo wangu Bura alipotimiza miaka minne, tulishiba kona za keki kabla hata hatujamwimbia.

Lakini namba zenye tundu zilikuwa na mwenyewe. Tundu lilitobolewa kwa glasi ya chai, na kile kiduara kilichotoka katikati, laini kuliko keki yote, kilikuwa cha Bibi, mama yake baba. Meno yalikuwa yamemwisha. Yeye alikiita kitovu. "Leteni kitovu changu," alisema, hata shikamoo yako hajaiitikia. Nilipotimiza miaka saba aliitazama keki yangu upande huu na upande ule, akaguna. "Saba ni namba ya wachoyo." Kisha akanishika shavu. "Mwakani ni nane, Paskalina. Vitovu viwili. Wewe usife, na mimi sifi."

Mwaka uliofuata mvua ilikatika maharage yakiwa kwenye maua. Baba akatangaza kwamba sukari iliyobaki ni ya chai ya wageni, na keki mwaka huo hakuna. Haikupita muda Bibi akaugua kifua. Aliacha kula, hata uji wa maziwa aliurudisha. Watu wazima wakaanza kuongea kwa sauti ya chini, na mtoto yeyote anaijua sauti ile.

Niliogopa sana. Sikuililia keki, nilimlilia Bibi. Niliamini kabisa kwamba asipopata vitovu vyake viwili atakufa, kwa kuwa ndivyo tulivyoahidiana. Nikamfuata mama kila alikokwenda, zizini, kisimani, jikoni, namwomba apike nane yangu.

"Mwanangu, sukari ni ya wageni," mama alisema. "Unataka baba yako aaibike?"

Bibi alisikia kutoka chumbani. Nyumba zetu hazikuwa na siri.

"Mama Paskalina! Mgeni ni nani?"

"Ni mtu anayekuja, mama."

"Na anayeondoka je, yeye hapewi chai?"

Baba alikuwa amekaa pale pale. Aliinuka, akaenda kulitoa kopo la sukari alikokuwa amelificha, akamkabidhi mama.

Sukari yenyewe haikutosha, kwa hiyo mama aliongeza boga la kuchemsha. Beking pauda haikuwepo kabisa. Mkono wake, uliozoea kupika makande, ukaenda moja kwa moja kwenye magadi. "Si yanalainisha maharage?" alisema. "Yatalainisha na keki." Lo! Keki mbili za duara zilitoka za manjano, nzito, zinanuka kama sabuni. Bura alionja mabaki akayatema, na Bura alikuwa hatemi kitu. Lakini mama alizikata akaziunganisha, na ilikuwa nane kweli, imeinama kidogo tu. Akatoboa vitovu viwili, akaviweka kwenye kisahani, nikampelekea Bibi mwenyewe.

Alikula cha kwanza polepole. Akapumzika. Akala cha pili. Sote tulisimama mlangoni, hata baba.

"Nipeni maji," akasema. "Nani kapika keki ya makande?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake Bibi akaomba uji. Mganga wa zahanati alisema ni dawa zake zilizofanya kazi. Sawa, mimi sibishani na zahanati.

Alikula na kitovu cha tisa yangu, huku akilalamika kwamba kimepungua kimoja. Kumi hakuifikia. Siku nilipotimiza kumi mama alitoboa sifuri kama kawaida, akakiweka kitovu kwenye kisahani kilekile, na kikabaki mezani mpaka kikakauka. Watoto tulivyokuwa walafi wa keki, na hakuna aliyekigusa.

Siku hizi mambo ni rahisi. Watoto wetu wanaipiga keki picha mpaka krimu inayeyuka, halafu wanaonja kijiko kimoja wanasema wameshiba. Mabaki sisi tuliyagombania, wao hata hawajui ni kitu gani. Mwanangu wa mwisho katimiza miaka nane juzi, na dada yake mkubwa akaniletea chombo cha kuokea chenye umbo la nane. Matundu yamo humo humo. Unamimina, inatoka namba kamili, hakuna kukata wala kutoboa. Nikasema haya, maendeleo.

Mama alikuja kutoka Maretadu kwa ajili ya sherehe. Meno yake nayo sasa yamekwisha. Tulipomaliza kuimba nikampa kipande kizuri chenye krimu. Hakukigusa.

"Kitovu kiko wapi?"

Binti yangu akacheka. "Bibi, keki za siku hizi hazina kitovu."

Mama hakucheka. Alikitazama kisahani kilichokuwa mapajani mwake, kisha akasema si kitu, ameshiba. Roho iliniuma jamani.

Nikawaacha wageni na soda zao, nikaingia jikoni, nikawasha mkaa. Sufuria ndogo, unga, mayai, na kipande cha boga kilichokuwepo. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Ilipopoa nikachukua glasi ya chai, nikatoboa katikati, nikampelekea mwenyewe.

Alitafuna kwa ufizi, taratibu, macho kayafumba. Nikasubiri mlangoni.

"Vipi, mama?"

"Tamu," akasema. "Ila umesahau magadi."