Mbasa Wawili Mezani kwa Wasaili

Hadi leo, mwanangu Oliva, nikisikia harufu ya mbasa wa moshi, yule samaki wetu wa Ziwa Nyasa, naikumbuka siku moja niliyoaibika pale Mbinga mjini, nikiwa na umri kama wako na akili pungufu kidogo kuliko yako. Nimekaa na aibu hiyo miaka mingi, sasa imenoga, na leo nakupa uichukue safarini.

Jana ulikuja hapa Kihagara na uso unang'aa. Ulifaulu ule mtihani wa mchujo, sasa umeitwa kwenye mahojiano ya ana kwa ana, kazi ya ofisa kilimo serikalini. Nilipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Kisha ukanisogelea, ukashusha sauti: "Mama mkubwa, si una namba ya Mama Adelina? Mwanawe yuko kule kule kwenye chombo cha ajira. Mpigie tu, umtajie jina langu." Nikaanza kuwaita kuku warudi. Ukadhani sijasikia, ukarudia. Nilisikia, mwanangu. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Nianzie kwa marehemu bibi yako. Enzi zile hakukuwa na chombo kimoja cha kuajiri watu wa serikali nchi nzima kama leo. Wilaya ilitafuta karani wake yenyewe, tangazo likabandikwa ubaoni nje ya ofisi, ukaandika barua kwa mkono, siku ikipangwa ukaitwa mbele ya wazee watatu wanne wenye miwani. Mimi niliomba ukarani wa masijala, mahali pale barua zinapopokelewa, zinaandikwa daftarini na kutiwa kwenye mafaili. Bibi yako aliposikia nimeitwa, hakuniuliza nimesoma nini. Aliuliza, "Utakwenda na nini?"

Wewe unatujua watu wa ziwani. Huwezi kwenda kwa mtu kumwomba jambo huku mikono inaning'inia. Ukienda kuomba mchumba unabeba kitu, ukienda kuomba shamba la kulima unabeba kitu, hata kuazima jembe unapita na dagaa wa usipa kidogo kwenye ungo. Ni heshima, wala hakuna aliyeiita jina lingine. Basi mama akachagua mbasa wawili wanene, akawakausha kwa moshi siku tatu, akawafunga kwa majani ya mgomba na kuwalaza kwenye kikapu kipya. Nikapanda lori, tukapandisha milima, na abiria wote wakajua nimebeba nini.

Pale nje ya chumba cha usaili tulikuwa waombaji saba kwenye benchi moja. Pembeni yangu alikaa msichana mwembamba kutoka Kitura, viatu vimejaa vumbi jekundu, amepakata bahasha ya vyeti vyake kwa mikono miwili. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Aliniamkia vizuri, mimi nikamjibu juujuu tu, maana nilishamtazama mikononi nikaona hana kitu. Nikajisemea moyoni, huyu hana lake leo. Ndivyo nilivyowaza, nakwambia bila kupunguza.

Nikaitwa wa kwanza. Mwenyekiti alikuwa Mzee Ndunguru, Mmatengo wa milimani, mkulima wa kahawa aliyekuwa amesoma na hakupenda maneno mengi. Nikapiga goti. "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba. Badala ya kukaa nilipoonyeshwa, nikatembea hadi mezani, nikakitua kikapu changu juu ya karatasi zao, na majani yakafunguka yenyewe. Chumba kizima kikanukia. Msaili mmoja kijana akameza mate, nilimwona.

"Binti, hii nini?" akauliza Mzee Ndunguru.

"Salamu kutoka ziwani, mzee."

"Za nani?"

"Zako, mzee. Na wenzako."

Akavua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa tena. "Sasa nisaidie. Anayeomba kazi hapa ni wewe, au ni hawa samaki?"

Wenzake wakacheka. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Lakini yeye hakucheka, akaendelea kwa upole, na maneno yake nimeyashika kama yalivyotoka: "Nikila mbasa wako halafu nikakupa kazi, hutajua maisha yako yote kama tulikuajiri wewe au tuliajiri samaki. Umesema ni wangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi nawagawa nipendavyo."

Akamwita mama aliyekuwa akipika chai ya ofisi, akamwambia asonge ugali mkubwa, awachemshe wale mbasa, na waombaji wote saba wale kwanza kabla usaili haujaendelea. "Na atakayepakua," akasema, akininyooshea kidole, "ni huyu mwenyewe."

Mwanangu, nimepakua vyakula vingi maishani, misiba na harusi, lakini ule ugali ulikuwa mzito mkononi. Nikampakulia kila mmoja niliyekuwa nataka kumpita kwa mlango wa nyuma. Nilipofika kwa yule wa Kitura, akapokea sahani kwa mikono miwili, akala kwa adabu, kisha akaniambia, "Asante dada. Sijawahi kula mbasa. Na sijala tangu jana mchana." Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli. Ile ya mezani ilikuwa ya uso, hii iliingia ndani ikakaa.

Tulipoanza kuitwa tena mmoja mmoja, wote tuliulizwa swali moja: barua mbili zimeingia masijala siku moja, moja ya shemeji yako, moja ya mtu usiyemjua, utaanza kuandika ipi daftarini? Mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikajibu, "Sina shemeji, mzee, dada zangu hawajaolewa." Walicheka hadi msaili mmoja akatoka nje. Yule msichana wa Kitura, tulikuja kusimuliwa baadaye, yeye aliwauliza swali tu: "Ipi ilitangulia kufika?"

Akapewa kazi yeye. Jina lake Adelina.

Ndiyo, huyo huyo unayemwita Mama Adelina. Sasa umeelewa kwa nini sikukujibu.

Mwaka uliofuata ikapatikana nafasi nyingine masijala. Mama akaanza kuwasha moto wa kukaushia samaki, nikamwambia mama acha, safari hii nakwenda hivi hivi. Alikasirika, akaona nauaibisha ukoo mzima. Nikaenda mikono mitupu, nikaulizwa nikajibu, nisichokijua nikasema sikijui. Nikapata. Na aliyenifundisha kufungua faili na kulifunga ni Adelina, ambaye hajawahi hata mara moja kuniambia, "Wewe ndiye uliyetaka kunipokonya kazi kwa samaki." Isipokuwa wakati wa sikukuu, akishakunywa togwa.

Tulikaa ofisi moja hadi nywele zikageuka. Na nikwambie ukweli, si kila mwenyekiti aliyefuata alikuwa Mzee Ndunguru. Niliona vikapu vikiingia na visitoke. Niliona barua ya mtoto wa mtu ikitangulizwa na ya mtoto wa Kitura ikilala chini. Ndipo siku moja likaja agizo kwamba kazi ya kutafuta watumishi inatolewa wilayani, inakwenda kwenye chombo kimoja cha taifa. Maombi yote yatakwenda huko, vyeti vikaguliwe huko, mtihani uwe mmoja, na anayefaulu apangiwe popote, awe wa Nyasa apelekwe Kigoma, wa Kigoma aletwe hapa. Mimi nililalamika kuliko wote. Nikasema watoto wetu watajulikana na nani huko mbali? Adelina akaniangalia juu ya miwani yake, akasema, "Skola, umesahau mbasa?"

Maana hiyo ndiyo kazi ya chombo kile, mwanangu. Kiliwekwa mbali makusudi, kikapu kisifike mezani. Sisemi hakina kasoro. Wewe mwenyewe umesubiri miaka mitatu ukichuma kahawa ya baba yako, ukijaza maombi kwenye mtandao unaokatika pale unapobonyeza kutuma. Watu ni wengi, nafasi ni chache, na inauma. Lakini ulipofaulu ule mchujo, aliyesahihisha hakujua wewe ni mtoto wa nani. Aliona namba na majibu. Hebu fikiri hilo lilivyo tamu. Mimi katika ujana wangu sikuwahi kulipata.

Na mwanawe Adelina, unadhani wewe ni wa kwanza? Tangu kijana apate kazi kule, watu humiminika kwa mama yake na kuku, na ndizi, na kahawa iliyokobolewa. Adelina hamfukuzi mtu. Anamchinja kuku palepale, anampikia aliyemleta, wanakula wote, kisha anamsindikiza hadi barabarani na kumtakia heri. Namba ya mwanawe haitoi. Mimi nitampigiaje simu? Niseme, Adelina, nimekuletea kikapu kingine?

Roho iliniuma kukunyima, maana nakupenda na kazi hii unaistahili. Nimekunyima kwa sababu hiyo hiyo.

Basi sikia ninachokupa. Vyeti vyako halisi viweke kwenye bahasha leo, na cha kuzaliwa usikisahau. Hakikisha majina yanafanana yote. Fika mapema. Swali likiulizwa, lisikilize hadi mwisho kabla ya kufungua mdomo; usilolijua, sema hulijui, wala usinitajie mashemeji. Wakikuuliza habari za kilimo, waeleze ngolo za kwa baba yako, yale mashimo yanavyoshika udongo mlimani, usione haya kwamba ni mambo ya nyumbani. Ukifaulu na nafasi ikakosekana, jina lako watalitunza, ngoja huku unachuma. Ukipangwa mbali, nenda. Na siku moja ukikaa wewe upande ule wa meza, uliza ipi ilitangulia kufika.

Chini ya nguo kwenye begi lako nimeweka mbasa wawili wa moshi. Usishtuke. Hawaingii chumbani kwa wasaili! Ni wa benchi la nje. Tafuta ugali, kaa na wenzako mnaogombea nafasi moja, mle, na ukimwona mwenye vumbi viatuni asiye na kitu mkononi, mpakulie yeye kwanza.

Mungu akutangulie njiani, akupe sauti tulivu na kichwa kilichotulia. Ukirudi na barua, tutacheza. Ukirudi bila barua, nitakupikia vilevile. Na siku utakapokalia kiti cha ofisi, asubuhi ya kwanza kabisa, ukae ukijua kwamba aliyeajiriwa ni Oliva.