Jumapili Niliyobana Modemu

Modemu ni yangu, lakini kode yake ya kuingia mtandaoni majirani wote wanaijua. Hapa mtaani Cimpunda jirani akiomba kode humnyimi, kama usivyomnyima kaa la moto la kuwashia jiko. Niliporudi kutoka Shabunda, baada ya miaka mingi ya kuhamahama, nilikodi chumba cha juu. Jumapili ya pili tu, ngazi zangu za nje zilikuwa zimejaa watu na simu zao.

Jumapili, baada ya misa, ndipo binti yangu hunipigia kwa video. Anaishi Lubumbashi na mama yake. Nilipoondoka alikuwa wa kubebwa. Sasa ana miaka kumi na mitano. Uso wake ulikuwa ukinijia vipande vipande. Anaganda mdomo wazi, mimi napaza sauti, "Uko unanisikia?" Nusu saa inaisha hivyo.

Nikachoka. Jumapili moja asubuhi nilifungua ukurasa wa modemu nikakuta vifaa kumi na vinne vimeunganishwa. Nikavibana kimoja kimoja, televisheni ya familia ya chini kwanza, nikaviachia kasi ya kupokea ujumbe tu. Iliyobaki yote nikajipa mimi.

Mchana ngazi zikaanza kubaki tupu. Maman muuza mikate, ambaye hukaa chini ya dirisha langu akitazama vichekesho, akagonga mlango.

"Tonton, rezo yako ilikufa? Tuanze kilio?"

"Iko inasumbua, maman," nikadanganya; mtandao ulikuwa mzima.

"Basi leo nitaangalia bwana yangu siku muzima!" Akaenda zake akicheka.

Simu ikaita. Binti yangu alitokea wazi kabisa, hata kovu dogo juu ya jicho ambalo sikulijua. Nilitaka kuuliza alilipata wapi, nikaona aibu.

"Papa, leo kwako iko kimya. Ule maman mwenye kuchekaka iko wapi?"

"Alienda kwake."

"Ah. Mi namupendaka."

Masomo? Mazuri. Mama? Salama. Hakuna kilichokatika. Baada ya dakika nne akaniaga.

Nikaondoa mipaka yote, kifaa kwa kifaa, kisha nikashuka kwa maman.

"Rezo ilirudi. Jumapili ijayo usikae inje, ingia ndani. Kuna mutu anataka kukusalimia."

Alisema atakuja. Nikarudi kuketi kwenye ngazi, peke yangu, nikingoja watu warudi.