Habari Alizoleta Kwarara

Mjomba amenitumia video kutoka Australia, rafiki yangu, nami nimeirudia mpaka bando likakata. Bibi yuko kituo cha basi, mkoba kwapani. Mbele yake kuna ndege mweupe, kichwa cheusi, mdomo mrefu uliopinda, anafukua pipa la taka. Wenyeji wanapita wakimkunjia uso ndege huyo. Bibi anainama, anamuuliza kwa heshima zote, "Ku Johannesburg bako aje?"

Nilicheka peke yangu humu saluni, Yeoville, hapa hapa Johannesburg. Huyo ni ndugu yake kwarara, yule wa kijivu ambaye hapa tunamwita hadida.

Nilipokuwa mdogo, hadida alikuwa balaa la mtaa wetu wa Berea. Alfajiri alitua juu ya ghorofa letu akapiga kelele mpaka jirani wa chini, fundi cherehani, akamtukana kwa kila lugha aliyoijua. Bibi hakupenda kusikia. "Muache. Huyu ni wa kwetu, nilimuacha ku Uvira anatembea mu shamba yangu." Alikaa balkoni na sinia lake la ndagala, dagaa wa kwao, akikata vichwa, harufu imejaa nyumba nzima, akamuuliza hadida habari za Uvira, kwetu Kongo. Alisubiri kidogo, kisha akatugeukia: mvua imenyesha, mihogo imekomaa, mke wa jirani amejifungua salama. Niliamini yote. Nilikwenda shule nikijua kwamba na mimi nina kwetu.

Kumbe miaka ile simu ya Uvira haikupatikana kabisa. Nilipokuja kulijua hilo nilimpenda zaidi.

Halafu mjomba akapata kuhamishiwa Australia kama mkimbizi, akaenda na bibi. Mimi na mama tukabaki. Hadida waliendelea na kelele zao, ila hapakuwa na wa kutuambia wamesema nini. Eish, nyumba ilipoa. Siku hizi fleti ile wanakaa watu wengine, na balkoni wameiziba kwa mabati.

Hofu yangu ilikuwa kwamba bibi huko aliko hana wa kuongea naye. Kila nikipiga simu alinijibu neno moja moja, kama mgonjwa. Kwa hiyo baada ya video nilimpigia papo hapo, nikamuuliza yule ndege alimjibu nini.

Akaniambia:

"Anasema umekonda, na sombe haupike tena."

Ni kweli. Kisamvu hicho sijapika siku nyingi. Nimekonda.