Kijiwe Kisimani

Kwetu Changamwe, chini ya mteremko, palikuwa na mto mdogo, na hatua chache kando yake palikuwa na kisima. Maji ya kisima yalikuwa yale yale ya mto, yaliyojichuja mchangani. Asubuhi hakuna aliyechota kabla kisima hakijafunguliwa, na wa kukifungua alikuwa nyanya yangu, mzaa mama, kwa kuwa alikuwa mkubwa kuliko wanawake wote wa mtaani.

Alikifungua hivi. Aliinama, akagonga jiwe la ukingoni kwa kata mara tatu, akanyamaza. Mle ndani aliishi chura. Akisikia kugongwa, huruka majini, chubwi! Hapo nyanya husema, "Bismillahi, choteni," na madebe hushuka. Asiporuka, kisima hubaki kimefungwa mpaka ijulikane kuna nini. Chura huyo hakuna aliyemgusa. Akifa, mwingine alitoka mtoni akaja mwenyewe.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza nyanya kwa nini tunamsikiliza chura.

"Mimi na wewe twanywa kwa mdomo," alinijibu. "Tukiona maji mabaya, twatema. Yeye anywa kwa ngozi yake yote. Atemee wapi?"

Nilisoma mpaka darasa la nne. Macho ya nyanya yalipoingia ukungu nikatolewa shuleni nimshike mkono. Sikusikitika sana. Shuleni mwalimu akiniuliza jambo mbele ya watu, koo lilifunga, hata nililolijua sikuweza kulisema. Kwa nyanya sikuhitaji kusema mengi.

Vita vya Wazungu vilipokuwa vimepamba moto, malori ya jeshi yakaletwa, na upande wa juu wa mto wetu kukatengenezwa kiwanja cha kuyaoshea. Kwanza niliona maji yana rangi rangi kama shingo ya njiwa, nikayapenda. Nilikaa ukingoni nikiyatazama. Baada ya wiki chache nikaona viluwiluwi vimelala juu ya maji, vingine vimeota mguu mmoja, vingine vimepinda mkia. Vyura wakubwa walitoka wakakaa kwenye majani makavu, mahali ambapo chura hakai. Ngozi zao zilibambuka, matumbo yalikuwa mekundu. Nilimgusa mmoja kwa kidole, hakuruka. Alifungua mdomo tu, akaufunga.

"Mwaka huu vyura wamefunzwa adabu," nyanya alisema mvua zilipoanza. "Hawapigi kelele."

Sikumwambia nilichokiona. Nilidhani mvua itausafisha mto.

Asubuhi moja nilitangulia kufagia pale kisimani, nikamkuta chura wetu anaelea, tumbo juu, mafuta yamemzunguka. Nilimtoa kwa jani la mgomba, nikamfukia haraka chini ya mgomba huo huo. Sijakung'uta mchanga mikononi, nyanya akaja na fimbo yake, na wanawake nyuma yake na madebe.

"Leo mwari katutangulia!" alisema jirani yetu, muuza vitumbua. "Au siku hizi posa zaletwa kisimani?"

Wakacheka wote. Nikaificha nyuma mikono yangu yenye mchanga.

Nyanya akainama, akagonga mara tatu. Kimya. Akagonga tena. Kicheko kikaisha, wanawake wakawa wanamtazama usoni. Alikuwa ametega sikio, midomo imefunguka kidogo, kama mtu anayengoja kuitwa. Macho yalikuwa yamemwacha, babu alikuwa amekwisha kufa, shamba lilikuwa limechukuliwa na wanawe. Kazi iliyombakia ilikuwa hiyo moja. Miguuni pangu palikuwa na kijiwe. Nilikisukuma kwa kidole cha mguu.

Chubwi!

Uso wake ukatulia. "Bismillahi, choteni."

Nilijiambia ni siku moja tu, kesho atakuja chura mwingine. Hakuja kesho, wala mwezi ule. Kila asubuhi nilikwenda na kijiwe kiganjani.

Kisha watoto wakaanza kuumwa na matumbo na kuwashwa. Mtoto wa mwisho wa muuza vitumbua akawa kila akila hutapika. Siku hiyo mama yake alikuja kisimani hana mzaha.

"Mama, maji haya yateleza mkononi," alimwambia nyanya. "Huyo chura wako yu hai kweli, au amehamia mjini kisiwani?"

"Nimemsikia sasa hivi."

"Masikio ya mtu mzima, mama."

Nyanya aliukaza mkono wangu. "Wallahi nimemsikia. Wallahi, kwa masikio yangu haya."

Kwa kuwa aliapa, yule mama aliteremsha debe lake. Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo. Neno lilikuwa moja tu, na sikulisema.

Baada ya siku tatu mtoto alipelekwa hospitali, amelegea begani kwa baba yake. Jioni hiyo nyanya alikuwa akichagua mchele uani kwa vidole. Nilikaa karibu naye.

"Nyanya, chura alikufa."

"Lini?"

"Zamani. Mimi hutupa kijiwe."

Vidole viliendelea kuchagua. "Na siku niliyoapa?"

"Kilikuwa kijiwe."

Akauweka ungo chini. Nilingoja anipige, na ningeshukuru. Hakunipiga.

Asubuhi hakunipa mkono. Aliteremka peke yake akipapasa kwa fimbo, nami nyuma yake. Wanawake walipofika aliwaambia, "Msichote. Kisima kimefungwa. Niliapa uongo."

"Nani aliyekudanganya?" aliuliza muuza vitumbua.

"Masikio yangu."

Hakunitaja. Yule mama alimtazama, akabeba debe lake tupu, akaondoka bila kuaga. Wengine walisema maneno ambayo sitayaandika.

Mtoto alirudi baada ya wiki mbili, amekonda, lakini yu hai. Nyanya hakungoja arudi. Alinuia kufunga siku tatu, kafara ya kiapo. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimjia akamwambia si lazima, kwa kuwa aliapa akiamini.

"Aliyekunywa kwa kiapo changu," alimjibu, "hakuuliza kama naamini."

Maji sasa tuliyachota bombani kwenye nyumba za reli, mbali. Siku ya tatu ya funga yake foleni ilikuwa ndefu, nikafika nyumbani jua linazama. Nyanya alikuwa amekaa kizingitini, midomo imekauka. Adhana ikalia. Nikajaza kata nikampa.

Hakunywa. Alichovya vidole, akavisugua, akavinusa. Kisha akatega sikio juu ya kata, kama alivyokuwa akitega kisimani.

"Umeyaonja?"

"Nimeyaonja, nyanya."

Akanirudishia kata.

"Kunywa tena," alisema. "Nikusikie."

Nikanywa. Alikuwa ameleta sikio karibu na koo langu, akisikiliza maji yakipita, funda moja, la pili, la tatu. Ndipo akanyoosha mkono, akapokea yaliyobaki.