Injini Iliyogonga Mlimani

Kila nikisikia injini ya gari ikigonga mlimani, nanusa ngano. Ilikuwa miaka ya mashamba ya ngano ya serikali, petroli ya kubahatisha, nasi tulikuwa kwenye pikapu tukimpeleka bibi harusi kanisani Maretadu. Mlima ulipozidi kuwa mkali, injini ikaanza kugonga, kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo.

"Kanyaga mafuta, mwanangu," shangazi wa bibi harusi alimhimiza dereva. "Watu wanasubiri."

Dereva akafanya kinyume: akanyanyua mguu. Kelele zikapungua.

"Petroli hii imechanganywa na mafuta ya taa, mama. Haisubiri moto wa plagi uifikie, inalipuka yenyewe na kuipiga pistoni. Nikizidi kukanyaga, pistoni itatoboka."

"Na gari likiwa jepesi?" bibi harusi akauliza.

"Litapanda polepole, bila kugonga."

Akavua viatu, akashuka. Sote tukashuka. Pikapu ikatangulia kwa utulivu, nasi tukaifuata kama watu wanaotembea usingizini. Kule chini ngano iliyumba hadi upeo wa macho, na shela ya bibi harusi ikayumba nayo. Hata shangazi akasahau kuhimiza, akaanza kuimba taratibu.

Karibu na kilele tukamwona mwanamume mwenye suti akishuka mbio, vumbi hadi magotini. Alikuwa bwana harusi, kusubiri kumemshinda.

Shangazi akamnyooshea kiganja.

"Polepole, mwanangu. Nawe wamekuchanganyia mafuta ya taa?"